Nilimwita Shangazi Mwizi wa Udongo

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Mimi ndiye niliyesababisha shangazi afukuzwe hapa Makuyuni, kwa maneno niliyomnong'oneza baba.

Shangazi alirudi kwetu kutoka Vugiri alipofiwa na mumewe. Baba akamkatia kipande cha ardhi kilichokuwa cha mkonge, akampa na mbegu za maharage. Mimi ni mtu wa haya, siongei sana, ila macho yangu hayatulii. Asubuhi moja nikamwona anachota udongo katika maharage yetu, anautia kikapuni. Kesho yake tena. Kwake akaunyunyiza kwenye mashimo ya mbegu, kimya kimya.

Kwetu husemwa anayechota udongo wa shamba lako anahamisha mavuno yako. Nikaanza kumchunguza. Mbona akiniona anafunika kikapu? Juma lile majani ya maharage yetu yakatobokatoboka. Nikasema basi, ndiye. Jioni nikamnong'oneza baba.

Baba alimwita uani. "Dada, shamba nimekupa, mbegu nimekupa, hata udongo unaniibia, uhamishe mavuno yangu?"

"Uchawi gani wa mchana kweupe, mdogo wangu? Maharage hayaendi ugenini peke yake. Mama mkwe alinifundisha, yanafuatana na udongo wa kwao."

"Mbona hukuomba?"

"Niombe kila kitu, mpaka udongo?"

"Basi rudi kwa huyo mama mkwe."

Shangazi akanitazama, akachukua kikapu chake akaondoka. Sasa anauza mihogo barabarani Mkata, analala kwa watu.

Baadaye mwalimu wetu wa sayansi aling'oa mche wa maharage. Mizizi ilikuwa na vinundu. Akapasua kimoja, ndani chekundu. Akasema humo wamo viumbe hai wasioonekana kwa macho, wanaochukua chakula cha mmea kutoka hewani. Wapo na wengine udongoni wanaokinga mizizi isioze. "Ardhi isiyowahi kupandwa maharage yaweza kuwakosa," akasema. "Ndiyo maana wakulima wengine hubeba udongo wa shamba la zamani."

Nikainamisha kichwa mpaka kengele ikalia.

Likizo nilikwenda kwenye kile kipande alichokiacha shangazi. Mistari aliyowahi kuinyunyizia udongo imestawi, kijani kibichi. Iliyobaki ni njano, imedumaa.

Msomaji, ukimshuku mtu, muulize mwenyewe kwanza. Mimi niliona haya kumwuliza, sikuona haya kumsema.

Baba hajui kusoma. Gazeti namsomea mimi. Likija lenye barua hii nitamsomea yote, sitaruka mstari.