Walikuja kujadili tumbo la dada yangu, na yeye ndiye alikuwa anawapikia chai

Wakuu, nawasalimia kutoka Kiptere, mahali baridi ya leo inaweza kugandisha hata mbwa akibweka.

Kuna jamaa aliuliza hapa juzi: mimba ikitaka kutolewa, baba awe na sauti?

Mkajibu kama watu wako mnada wa ng'ombe. "Mbegu ni yangu!" "Bila mimi kuna nini hapo?" Nilisoma comments zote mpaka simu ikashika moto, na mimi nikashika moto pamoja nayo.

Sasa ngojeni niwape kisa chenye nimeona na haya macho yangu. Chumvi nitaongeza, mnanijua. Lakini nyama yenyewe ni ya kweli.

Dada yangu anaitwa Moraa. Sisi ni Wakisii, babu alikuja huku kuchuma majani chai akasahau njia ya kurudi. Moraa akaolewa Boito na Kibet, kijana Mkipsigis mpole sana. Kibet unaweza kukaa na yeye siku nzima na usikie tu ng'ombe wakicheua.

Wana mtoto mmoja, msichana. Huyo akizaliwa, Moraa nusura atuache. Pressure ilipanda mpaka nafikiri ile mashine iliomba likizo. Alipona, lakini moyo ukabaki mgonjwa, na daktari akamwambia waziwazi: usibebe mimba tena.

Akapanga uzazi. Mimba ikaingia hata hivyo.

Daktari alimpima, akatoa vifaa masikioni. Halafu akamwambia, "Mama, moyo wako hauwezi hii safari. Tukiingoja, nitawapoteza wote wawili. Uamuzi ni wako, lakini usikae nao sana."

Moraa akamwambia Kibet. Kibet akamwambia mama yake. Mama yake akamwambia Mungu, lakini kwa sauti ya juu, kanisani. Kufika jioni hata ng'ombe wa kule kwao Konoin walikuwa na maoni.

Moraa akaja kwetu ili awe karibu na hospitali. Jumamosi, wazee wa upande wa Kibet wakamfuata.

Wakuu, walikuja na kibuyu cha mursik! Maziwa ya sherehe, ile hupewa mtu ameshinda marathon! Nyumba iko na mgonjwa na nyinyi mnabeba mursik!

Msemaji wao alikuwa uncle yake Kibet. Huyo mzee alikuwa nyapara wa shamba la chai. Amestaafu, lakini sauti haijastaafu. Sisi msemaji wetu nilikuwa mimi, kwa sababu nilimaliza Form Four night school na nyumbani wananiona kama wakili.

Wakaketi. Na kwa sababu kwetu mgeni hawezi kuketi bila chai, nani alikuwa jikoni anapika? Moraa. Miguu imevimba kama nguzo za stima, anapumua kama mtu amepanda mlima na gunia, na bado anapepea moto. Nilimwambia aache akaniambia, "Wacha, nikikaa nitafikiria."

Uncle akaanza. "Sisi hatukatai mambo ya daktari. Lakini shamba liko na mwenyewe. Mti hauwezi kung'olewa kama mwenye shamba hajaulizwa."

Nikamuuliza, "Uncle, dada yangu sasa ni shamba?"

"Kijana, tulia. Nimesema mfano."

"Na hiyo mfano inaumwa moyo, ama ni Moraa?"

Baba yetu, mwenye nyumba, aliangalia dari kama inavuja.

Uncle akaendelea: baba ana haki, ukoo una haki, jina la marehemu babu yake Kibet linangoja mtoto wa kiume. Wa kiume! Hiyo mimba ilikuwa bado kitu kidogo kama maharagwe na ameshaipatia jina na suruali. Halafu akapiga funda la chai, akatabasamu.

"Hii chai ni tamu. Huyu msichana wetu anajua kupika."

Wakuu, hapo ndipo damu yangu ilichemka kuliko hiyo chai. Tangu waingie hakuna hata mmoja alikuwa ameuliza, mgonjwa anaendeleaje? Wamejua ladha ya chai yake. Moyo wake hawajauliza.

Na Kibet, baba mwenyewe wa hiyo mimba? Ameketi pembeni kama mtu amekuja kusoma mita. Nilimkasirikia kuliko wote.

Thermos ikaisha. Nikaibeba, nikaenda jikoni.

Nikakuta Moraa amevaa sweta. Mama yetu amejifunga leso, mkoba mkononi. Nje, nyuma ya jikoni, kuna gari ya jirani, Probox, mlango wazi.

Moraa akaniangalia. "Daktari yuko leo. Wewe na huo mdomo wako umetusumbua tangu night school. Leo ufanye kazi."

"Niwaambie nini?"

"Waambie chai inakuja."

Nikarudi. Nikasema, "Chai inakuja." Halafu, wakuu, nikafungua mdomo.

Nilianza na Adamu. Nikapitia kwa Ibrahimu, nikapumzika kwa Hana. Nikaeleza vile hata kichaka cha chai hukatwa kipumzike, na nyapara anajua hiyo kuliko mimi. Nikasema "Mister Chairman" na hapakuwa na chairman. Niliongea mpaka mursik ikazeeka.

Lakini mzee wa chai huwezi kumdanganya na maneno. Uncle akagonga kikombe. "Moraa! Wewe Moraa! Chai iko wapi?"

Akachungulia ndani ya kikombe kitupu.

"Kibet, enda uangalie bibi yako."

Kibet akasimama. Nikajua tumeisha. Alipita mbele yangu bila kuniangalia, akaingia jikoni. Nilimsikia akisimama pale. Jiko limezimika, sufuria ya maziwa haijawekwa motoni, mlango wa nyuma wazi. Hata mtoto angeelewa.

Akarudi. Macho mekundu. Akaketi mahali pake, akashika magoti yake.

"Chai inakuja," akasema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo.

Uncle akatulia. Mimi nikarudi kwa Ibrahimu.

Moraa yuko hai. Msidhani ilikuwa rahisi. Alilia, na Kibet alikaa kando ya kitanda chake akalia kuliko yeye. Uncle bado hatusalimii, na mimi ninalala vizuri sana.

Sasa nyinyi wa "mbegu ni yangu." Baba awe na sauti? Awe nayo, nani amekataa? Lakini aingie jikoni kwanza aone vile mambo yako, ndiyo afungue mdomo. Uncle alikuwa na sauti ya kujaza shamba zima. Kibet alikuwa na maneno mawili, na hayo mawili yalitosha.

Wewe ungetoka jikoni ukisema nini? Niambieni hapa chini, hata matusi nitasoma. Lakini kabla uandike, simama ujipikie chai yako mwenyewe.