Mashuka Kando ya Uwanja wa Ndege

Jumatatu ilikuwa siku ya mashuka. Kwetu, mashariki ya Kongo, Mama alifua nguo za shule ya marubani wa jeshi, nami nilikuwa msaidizi wake. Tulianza alfajiri, na ilipofika saa tatu mashuka yalikuwa yametandazwa kwenye majani kando ya uwanja wa ndege, safu nne, kila shuka limebanwa kwa mawe. Mama hakuvumilia mkunjo hata mmoja. Alikuwa msumbufu kwa jambo hilo, na mimi nimemrithi.

Siku moja mwalimu wa marubani alitufuata kwa miguu. Nilidhani amekuja kulalamikia doa.

"Mama, musihamishe hii mashuka," alisema. "Banafunzi bangu banaiona toka juu, ndiyo banajua pa kukata kona."

Mama alijivuna wiki nzima. Tangu hapo ndege zile ndogo za viti viwili, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma, zilikata kona juu yetu na kutikisa mabawa. Sisi tulipunga mikono. Tulizijua kwa mlio, kama unavyojua kikohozi cha jirani.

Kisha waasi wakakaribia. Jeshi liliondoka na ndege zake, na waasi wakaingia, wakalala kwenye vitanda vya shule. Muuza sabuni alifunga duka akaondoka bila kumuaga hata Mama, mteja wake wa kila siku. Siku ya tatu waasi walitutupia mashuka tuwafulie.

Mama alitaka kuyaanika ndani. Alisema hajui ni ndege gani zitakuja sasa.

"Mama, tutandike tu pale pa siku zote," nilimwambia. "Ndege zikirudi, bataona ni siye. Batajua hapa kuko batu babo."

Alinitazama, kisha akabeba beseni.

Nilirudi nyumbani mara moja kuchukua mawe zaidi. Hapo nikausikia ule mlio. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Ilikuwa ndege moja. Ilifika juu ya mashuka, ikakata kona palepale.

Haikutikisa mabawa.

Mama alikuwa ameinua mkono.

Mabomu mawili yalipiga shule. La kwanza kati ya matatu lilikuwa limeangushwa mapema mno, likaangukia kwenye mashuka, kwa Mama.

Baadaye ndege ya mizigo ilinitoa mji ule, nimekaa sakafuni, nimeshika mkanda na watu nisiowajua. Leo naishi ng'ambo, mji wa Woodbridge, natandika vitanda katika nyumba ya wazee. Wenzangu hunitania kwamba vitanda vyangu vimepigwa pasi mtu akiwa ndani.

Mwaka huu mwanangu Elie alinipeleka kwenye jumba la ndege za zamani, hukuhuku Virginia. Ndege ya mizigo ilikuwapo, nikaigusa ubavuni na kuishukuru kimoyomoyo. Pembeni yake palikuwa na ndogo ya viti viwili.

Mzee aliyekuwa akiwaeleza wageni alisema za kwanza zilikuwa za mbao na turubai, kisha zikaja za bati, kisha injini ikaongezwa nguvu. Nia ilikuwa moja, kupata ndege ya polepole, tulivu, inayomsamehe mwanafunzi makosa yake. Baadaye watu wakaona upole huohuo unafaa kulenga vitu vya ardhini, wakafunga vyuma vya kubebea mabomu chini ya mabawa. Akatuonyesha matundu ya skrubu.

Nilimwomba Elie amuulize kama rubani husahau mahali alipofundishwa kukata kona.

Mzee alitabasamu. Alisema hicho ndicho kitu ambacho rubani hasahau hata akizeeka.

"Mom, you okay? We can go," Elie aliniuliza, akielekeza mlangoni.

"Iko sawa," nilisema, nikabaki nimesimama.

Namchukia rubani yule, na sitaki mtu aniambie nimsamehe. Lakini yeye alitafuta alama aliyoizoea. Mama alitaka kuificha. Mimi ndiye niliyesema tuitandaze, safu nne, bila mkunjo.