Duka la Dawa Liko Chumbani kwa Herbert

Herbert alikuwa mlinzi wa jengo letu hapa Msheireb, na kosa lake lilikuwa moja tu: aliwaelekeza watu kwa kutumia maduka yaliyobomolewa.

Alikuja Doha mwaka 2006 akitokea Kisii, akapata chumba mtaa huu huu. Walilala watu tisa, bafu moja, enzi hizo mtaa ukiwa wa mafundi cherehani na wauza simu. Mwaka 2010 walihamishwa, matingatinga yakapita. Mtaa ulipojengwa upya, mawe meupe na vioo kila mahali, kampuni ya ulinzi ikamrudisha kusimama mlangoni. Mimi Phyllis nilikuwa mapokezi, hatua nne kutoka kwake. Sote tulilala kwenye kambi ya wafanyakazi, saa nzima kwa basi, lakini Herbert akiulizwa anakaa wapi alijibu, "Hapa." Hakutabasamu.

Kwao Kisii, kama kwetu Kakamega, nani anauliza jina la barabara? Unaambiwa ukifika posho mili, pale wanaposaga unga, uliza kwa mama fulani. Basi mgeni akitaka benki, Herbert alimwambia, "Pita kwa fundi Anwari, kata kushoto, ukifika kwa yule wa chai umefika." Mgeni alizunguka weee, akarudi na jasho na matusi.

Msimamizi wetu Harun alimpa onyo la kwanza, kisha la pili.

"Mzee Herbert, tumia ramani. La tatu ni ndege ya kurudi kwenu."

Kulikuwa kumebaki miezi saba binti yake, Nyanchama, amalize uuguzi, na hakukuwa na mwingine wa kumsomesha. Niliogopa mimi, maana yeye alionekana hana habari.

Nikaanza kumfundisha. Kila asubuhi, kabla wakaaji hawajashuka, nilimhoji kama mwalimu wa darasa la tatu.

"Msikiti?"

"Toka, kulia, jengo la pili."

Alipata yote isipokuwa duka la dawa. Hapo kila mara aliitazama ramani, kisha akaniambia niulize lingine. Nilidhani ni ukaidi, nikamgombeza.

Jumanne moja akashuka mkaaji mpya wa orofa ya tano, mwanamke aliyebeba mtoto mwenye homa, akamuuliza duka la dawa liko wapi. Herbert alifungua ramani. Akaikunja. Akasema kwa heshima zote, "Madam, liko chumbani kwangu."

Alisema kweli; alinieleza jioni ile ndani ya basi. Duka lile lilijengwa pale pale kilipokuwa kitanda chake. Lakini mama yule aliandika malalamiko ya kurasa mbili, na hata mimi ningeandika. Nilimweleza Harun yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa Phyllis, hiyo nitaiandika aje kwa ripoti?"

Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Herbert aliondoka Alhamisi. Nyanchama aliacha masomo muhula huo. Ramani yake Herbert aliniachia mimi, imekunjwa vizuri, bado kama mpya.

Wiki iliyofuata mgeni alikuja mapokezi akitafuta duka la dawa. Ramani ilikuwa mbele yangu. Nikamwambia atoke nje, akate kulia pale anaposimama Herbert, aende moja kwa moja mpaka chumbani kwake.

Harun aliniletea onyo langu la kwanza saa nane mchana. Nikatia sahihi.