Kitambaa cha Manjano cha Wafula

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nje kidogo ya mji wa Kitale, nilikuwa na ugonjwa wa kutazama wanyama. Niliendesha baiskeli ya Baba kwa kupenyeza mguu chini ya chuma cha katikati, maana kiti sikukifikia, na nikitumwa mahali nilichelewa kurudi. Nyumbani walishajua nimesimama njiani kutazama nyani.

Jumamosi moja Kukhu, mama yake Baba, alinifungia kwenye keria nguo za mdogo wangu Wafula nikazifue mtoni. Wafula alikuwa na wiki tatu tu.

"Usianike huko inje," aliniambia. "Ile ndege ya kichwa kama nyundo ikibeba nguo ya mtoto ijengee nyumba, huyo mtoto atakauka. Na nyumba yake hakuna mtu anabomoa. Umesikia?"

"Nimesikia, Kukhu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Njiani nilisimama kuwatazama korongo wenye taji wakicheza kwenye shamba la mahindi, nikasimama tena kwa ajili ya mbega. Nilipomaliza kufua, nguo zilikuwa zinachuruzika, nikazitandaza kwenye nyasi zipungue maji kidogo tu. Nikaenda kumwangalia nzohe, yule swala wa majini, aliyekuwa amezama katikati ya mafunjo akaacha pua peke yake.

Nilipogeuka, fundi chuma, ndege yule wa kichwa kama nyundo, alikuwa anaruka na kitambaa cha manjano mdomoni. Nilipiga kelele, nikamrushia udongo. Alitua mtini kwenye kiota chake, kikubwa kama gunia la makaa, akakisokomeza ndani. Mti ule ningeweza kuupanda. Lakini nikikitoa, nabomoa nyumba isiyobomolewa. Nikikiacha, Wafula anakauka. Nilibaki chini ya mti nikilia mpaka nguo nyingine zikakauka.

"Kimoja hakuna," Kukhu alisema akizikunja. Nikamweleza yote. Hakunipiga. Alimaliza kuzikunja, akasema, "Usiambie mama yako. Hata siku moja."

Siku nne baadaye Wafula alishikwa na homa. Walimkimbiza hospitali, wakamrudisha amefunikwa shuka. Baada ya mazishi Mama alizipanga nguo zake kitandani, akauliza, "Ile ya manjano iko wapi?"

Nilifungua mdomo. Kukhu akanitangulia. "Ni mimi. Nilisahau huko mtoni."

Mama naye aliamini habari za yule ndege, na hakumsamehe. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye hakumpa awabebe hata mmoja. Kukhu alikuwa akiwatazama kutoka mlangoni pake, mikono imelala mapajani, mpaka alipokufa. Mimi nilipita hapo katikati kila siku nikaenda shule, nikarudi, nikanyamaza.

Sasa mimi ni mtu mzima na najua malaria ni nini. Najua ndege yule hakuwa na kosa lolote. Lakini Kukhu hakuyajua hayo. Aliliamini kila neno la onyo lake, kwa hiyo machoni pake mimi ndiye niliyemuua mjukuu wake, na bado akaibeba lawama yangu. Hilo ndilo linaloniumiza.

Mama anakaa Bungoma siku hizi, kwa ndugu yangu. Kila nikimtembelea hakosi kusema, "Ni nyanya yako aliniulia Wafula." Nami nafungua mdomo, kisha naufunga tena, ingawa sasa hakuna wa kunitangulia.