Mavuno ya Mama

Nilirudi Kalemie kutoka Lubumbashi nikiwa na diploma lakini bila kazi, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kuchunguza watu wa nyumbani. Nilianza na Mama. Kila alasiri, akishaanua ndagala zake, wale dagaa wa ziwani, alinawa mikono, akaifunga Biblia ndani ya kitenge kama mtu anayeficha kitu cha wizi, akavuka ua kwenda kwa jirani. Jirani huyo ni mjane wa Kiislamu, wa zile familia zilizoletwa huku na biashara ya ziwa. Magoti yake yalikuwa yamevimba. Mama alisema anakwenda kumkanda kwa maji ya moto.

Kukanda magoti kunahitaji Biblia ya nini? Hapo nikaanza kushuku.

Mama alikuwa mwombezi. Katika kanisa letu waombezi ni wanawake wanaokaa benchi la mbele, kitambaa cheupe kichwani, na kuwaombea wagonjwa. Kitambaa hicho hakiuzwi. Mchungaji mwenyewe humfunga mtu kichwani mbele ya wote, na Mama alikingoja miaka mingi. Sasa mchungaji alikuwa ametoa sharti: siku ya Mavuno, kila mwombezi amlete mtu aliyemwombea, asimame ashuhudie kwamba ameokoka. Asiye na mtu atarudi benchi la nyuma, na kitambaa kitapewa mwingine. Nilimsikia mchungaji akiwa sebuleni kwetu, chai yetu mkononi, akimweleza Mama kwamba yule Mwislamu ndiye mavuno yake. Mama akajibu, "Ndiyo, Papa Mchungaji."

Ile ndiyo ilinikaa vibaya. Nilimuuliza Mama kama anamkanda jirani au anamvua kama ndagala. Akasema mimi niendelee kuuliza, yeye aendelee kuomba, tuone nani atachoka kwanza.

Nikaenda kumwonya jirani. Nilimkuta uani anachambua mchele. Nilimweleza yote: mchungaji, kitambaa, Mavuno. Alinisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Mama yako aliniambia siku ya kwanza," alisema. "Alisema, dada, mchungaji wangu anakutaka, mimi nataka upone. Nikamwambia aombe tu. Magoti yangu hayana dini."

Halafu akaniuliza kama chuoni tunafundishwa kuchongea mama zetu, au nilijifunza mwenyewe.

Sikutulia. Kama walikuwa wameambizana yote, basi labda walikuwa wamepatana. Niliona wazi jinsi mchezo utakavyokwenda: jirani ainue mkono kanisani, Mama abaki na kitambaa, Jumatatu kila mtu arudi kwenye dini yake. Nimeona shuhuda nyingi za namna hiyo. Mtu anapona mbele ya kipaza sauti, kisha unakutana naye sokoni anachechemea.

Siku ya Mavuno nilikwenda kanisani kwa sababu hiyo tu. Na kweli, kwaya ikiwa inaimba, jirani aliingia. Alivaa mtandio wake mzuri, akatembea polepole hadi benchi la mbele, akaketi kando ya Mama. Mama aligeuka akamtazama kwa mshangao. Nikajiambia, hata mshangao wameufanyia mazoezi.

Waombezi waliitwa mmoja mmoja. Zamu ya Mama ilipofika, jirani alisimama kabla yake, akishika mgongo wa benchi. Watu wakaanza kupiga makofi. Mchungaji tayari alikuwa anashuka kwa furaha.

Mama alimshika mkono jirani, akamketisha.

"Huyu ni jirani yangu," alisema, na makofi yakakatika. "Amekuja kuniokoa na aibu, maana ananipenda. Hajabadili dini, na magoti bado yanamuuma. Ninamwombea kila siku, na nitaendelea. Sina ushuhuda mwingine."

Mchungaji alimtaka aeleze vizuri. Mama akasema ameshaeleza. Alifungua kitambaa mwenyewe, akamkabidhi. Kisha akamsindikiza jirani hadi benchi la nyuma, nilipokuwa nimekaa mimi, wakanisogeza.

Njiani kurudi nyumbani, jirani alikuwa amemwegemea Mama na anamgombeza: yeye amekuja na magoti yale yote, amevaa vizuri, na Mama hakumwacha hata aseme neno.

"Ungesema nini?" Mama akamuuliza.

"Ningeona hukohuko."

Walicheka. Mimi nilitembea nyuma yao na Biblia ya Mama, nikitafuta hila iliyofichwa katika kitendo kile. Labda walijua kwamba ukweli ungempa Mama heshima kubwa kuliko kitambaa. Lakini mtaani hakuna aliyemsifu. Kwenye benchi la mbele sasa anakaa mwanamke mwingine.

Alasiri iliyofuata, Mama alichemsha maji. Alipotaka kutoka, alichukua Biblia bila kuifunga kwenye kitenge, akanipa mimi beseni.

"Njoo, mpelelezi," alisema. "Leo utasikiliza ukiwa ndani."