Mafuko wa Mwalimu Nyanjige

Mwalimu Nyanjige alipostaafu kufundisha sayansi Nyalikungu, alianza kulima viazi vitamu nje kidogo ya mji. Mafuko, wale wanyama kama panya waishio chini ya ardhi, wakamlia karibu shamba zima kutokea chini. Akachimba mashimo yao kwa hasira, awaue. Alipofika kwenye chumba chao cha majani makavu akawakuta baba, mama na mabinti wakubwa wamelaliana, na jembe likamshinda kushusha. Akawatia kwenye pipa la bati lenye udongo, akawafuga uani.

Mama fuko ndiye pekee aliyezaa. Mabinti walichimba na kulea wadogo zao. Kisha mama akafa, na uzazi ukakoma kabisa. Jirani wa Nyanjige, mzee Jilala, akaanza kusema: dume yupo, majike wapo, mbona hawazai? Huyo mama anafuga uchawi. Maneno ya namna hiyo yamewahi kuua wanawake wazee huko. Binti wa Nyanjige, Gloria, akapiga simu kutoka Bariadi akilia, "Mama, watupe hao wanyama."

"Situpi. Nimewafundisha watoto wa majirani hawa kusoma, leo wanitishe kwa sababu ya mafuko?"

Akaitwa kwenye mkutano wa kitongoji.

"Mayu, mama yetu, wachome moto, tukae kwa amani," Jilala akasema.

Nyanjige akasimama. "Jilala, wewe ungemwoa binti yako?"

Watu wakaguna.

"Basi hata hawa hawataki. Wanajuana kwa harufu. Mabinti watakaa hivyo hivyo mpaka aje dume wa ukoo mwingine. Nitamleta, mtaona. Na pipa langu haliguswi."

Akapanda gari hadi Malampaka kwa dada yake, akarudi na dume aliyenaswa shambani kule. Akamweka na binti mmoja katika pipa la pili, baba mtu asije akamuua mgeni. Siku ya kwanza walitishana kwa meno, naye Nyanjige hakuondoka hapo. Kesho yake akawakuta wamelala pamoja.

Mvua zilipokatika, vitoto vikazaliwa, vyekundu, havina manyoya. Nyanjige akafungua geti akaita watu waje kuona. Wanawake wakainama juu ya pipa wakicheka. Jilala alikuja mwishoni, akainama kutazama.

"Kumbe ni ugeni tu walikuwa wanausubiri," akasema, akaenda zake.

Wapo ambao mpaka leo wakimwona huvuka barabara kumkwepa. Nyanjige huwaita kwa majina, kwa sauti ya darasani, na kusubiri hadi waitikie salamu.