Kikohozi cha Wimbo wa Kumi na Moja

Jiko langu la umeme lilitekwa kwa siku kumi na moja. Nasema lilitekwa kwa sababu hakuna aliyeniomba ruhusa. Nilitoka kununua nyuzi, niliporudi nikamkuta mume wangu amechuchumaa mbele ya tanuri, miwani imeshuka puani, kipimajoto mkononi, anaoka kanda za muziki.

"Unapika nini hicho, Baba Chiriku?"

"Radi," akajibu bila kugeuka.

Radi ni yule mwimbaji wa roki, na nadhani hakuna nyumba asimojulikana: koti la ngozi, sauti ya kokoto, na siku hizi magoti mabovu. Alikuwa ametimiza miaka arobaini jukwaani, na kampuni yake ikaamua kutoa albamu moja ya nyimbo zake ishirini bora, kuanzia ile ya kwanza kabisa hadi za juzi. Tatizo likawa nyimbo za zamani. Zilirekodiwa kwenye kanda kubwa za magurudumu, na kanda hizo zimezeeka. Gundi ya utepe imenyonya unyevu, ukiucheza unanata na kuchubuka, wimbo unabaki kwenye mashine kama masizi ya sufuria. Dawa yake ni kuzioka kwa moto mdogo sana, kwa muda wa saa nane. Zikitoka hapo zinachezeka wiki chache, basi. Na aliyebaki anayeijua kazi hiyo ni mume wangu, ambaye ndiye aliyezirekodi zote.

Nikamuuliza mkate wangu nitauoka wapi. Akasema tutanunua. Mtu huyo hajawahi kuusifu mkate wa dukani tangu nimjue.

Aliingia studio akiwa na miaka kumi na sita, mfagiaji. Mashine alijifunza kwa kuzitazama huku ameshika ufagio. Maneno yake ni machache. Ukimuuliza habari za kazini anakwambia "nzuri", na nzuri hiyo inabidi ikutoshe wiki nzima. Lakini masikio yake, jamani, ni balaa. Mimi ni fundi cherehani, na yeye ndiye huniambia mashine yangu inataka mafuta, akiwa chumba cha pili. Kwenye mfuko wa shati hutembea na wembe uliofungwa kwenye karatasi. Kwa wembe ule anaweza kuitoa pumzi ya mwimbaji katikati ya maneno mawili, akaunganisha utepe, na usijue kwamba kuna kitu kiliwahi kuwa pale. Hata Radi mwenyewe alikuwa akisema nusu ya uzuri wa sauti yake ni yale yaliyokatwa yakabaki sakafuni.

Jambo moja tu sikumwelewa miaka yote, nalo ni wimbo wa "Taa ya Njano".

Huo ndio uliomfanya Radi kuwa Radi. Karibu na mwisho gita linanyamaza ghafla, ngoma zinanyamaza, kimya kinaingia, halafu mtu anakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, mara mbili. Ndipo Radi anapasua koo na kiitikio cha mwisho. Mashabiki wakakigeuza mchezo: ikifika pale, ukumbi mzima unakohoa kwa pamoja. Wanakohoa harusini, wanakohoa uwanjani kwenye mpira. Hata mimi nimekohoa, kwenye harusi ya mdogo wangu, ndani ya gauni la kijani nililojishonea, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mume wangu siku hiyo alikuwa ametoka nje. Wimbo huo ukipigwa redioni huizima, au hutoka uani akajifanya anatafuta kitu. "Nimeusikia mara nyingi mno wakati wa kuurekodi," aliniambia. Nikaamini, kwa nini nisiamini?

Chiriku alikuwa binti yetu wa kwanza. Jina hilo alipewa na watu wa studio, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Alifariki akiwa na miaka mitano, kwa homa ya mapafu. Baadaye tulipata watoto wawili wa kiume, sasa ni watu wazima na familia zao, lakini majirani hawakuacha kuniita Mama Chiriku, nami huitika.

Nieleze na hili, maana bila hilo hamtaelewa. Jumamosi moja nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza, nikamkabidhi Chiriku kwa baba yake aende naye kazini. Jumapili nikamwosha nywele, nikamwacha akae uani zikiwa mbichi, na kulikuwa na upepo. Jioni akapata homa. Alhamisi tukamzika. Tangu siku ile nilijua aliyemuua ni mimi na beseni langu. Niliwaambia wote waliokuja kutupa pole, niliwaambia hata wasiouliza: laiti nisingemwosha nywele. Wanangu wa kiume niliwanyoa vipara hadi wakaanza kubishana nami. Mwenyewe huosha zangu ndani, mlango nimefunga, na sitoki mpaka zikauke kabisa. Nilizoea kuishi hivyo kwa miaka thelathini na mitatu.

Basi Jumatano, saa nne asubuhi, Radi akaja nyumbani kusikiliza. Mashine ya kanda ilikuwa sebuleni, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, nayo ilitekwa vilevile. Radi aling'ang'ania kanda zikatwe na kuunganishwa kwa mkono kama zamani, ndipo zipelekwe kampuni kuingizwa kwenye kompyuta. Walikuwa wamefika wimbo wa kumi na moja. Nikaingia na sinia la chai.

"Hapa," mume wangu alikuwa anasema, "nataka kukitoa kile kikohozi. Nitaweka kipande cha ukimya kutoka kanda nyingine, ya siku ileile. Hakuna atakayejua."

Radi akacheka. "Kikohozi changu? Watanipiga mawe. Nimewaambia waandishi wa habari miaka nenda miaka rudi kwamba ni zile sigara zangu."

"Si chako."

"Ala. Cha nani sasa?"

Mume wangu alinitazama mimi. Nimeishi na mwanamume huyu tangu ana nywele nyeusi, namjua akiwa na njaa, akiwa na hasira, akiwa ameficha jambo dogo, lakini uso ule sikuwahi kuuona.

"Cheza," nikamwambia.

"Mama Chiriku, sikiliza kwanza."

"Nimesema cheza. Anzia mwanzo, kabla ya wimbo."

Akabonyeza. Kwanza kiti kiliburutwa. Halafu sauti ya mume wangu, ya kijana, ikitangaza ni mara ya ngapi wanaurudia: ya kumi na tisa. Halafu sauti ya mwanangu.

"Baba, kifua kinauma."

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa. Twende nyumbani kwa mama."

"Subiri, mwanangu. Wimbo huu mmoja tu."

Kutoka mbali Radi alisema, "Mkalisheni huyo chiriku, jamani, tumalize."

"Nimekaa," akasema mtoto.

Fimbo za ngoma zikagongana mara nne, "Taa ya Njano" ikaanza. Hatukusogea, sote watatu. Wimbo una dakika tano. Nilisimama na lile sinia dakika zote tano, nikijua kinachokuja na nikikisubiri, na gita liliponyamaza mtoto wangu akakohoa mara mbili, taratibu, kama aliyeziba mdomo kwa mkono ili asiwaharibie kazi.

Sikulia. Niliweka sinia chini. Nikauliza siku gani, ingawa nilijua.

"Jumamosi ile," akasema.

"Jumamosi. Na mimi nimesema ni nywele. Miaka thelathini na mitatu nasema ni nywele, na wewe umekaa hapo unanisikia."

"Daktari aliniambia pale koridoni kwamba kifua kile kilikuwa na siku kadhaa. Nilikuja nikuambie. Nikakuta umeshawaambia watu ni nywele."

"Ukaona afadhali."

"Nikaona afadhali," alisema. Hakujitetea hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu nilitaka ajitetee ili nipate pa kumshika.

Radi alikuwa ameinamia magoti yake. "Shemeji, mimi sikujua."

"Ulijua kuna mtoto."

"Nilijua kuna mtoto," akakubali. Kisha akamgeukia mume wangu. "Kata, ndugu yangu. Kata kabisa, wakohoe wenyewe wakitaka."

Mume wangu akautoa wembe kwenye karatasi yake. Akaurudisha utepe taratibu kwa mkono, akapata mahali penyewe, akaweka alama mbili kwa penseli nyeupe. Kati ya alama na alama palikuwa na kipande kisichozidi dhiraa moja. Wakati anainama nikamshika kifundo cha mkono.

"Acha."

"Nikiacha utakuwa unakisikia kila mahali."

"Wewe ndiye umekuwa ukikisikia kila mahali. Ukikata unajiponya wewe. Mimi je, nitabaki na nini? Hata picha akiwa anacheka hatuna." Nikauvuta mkono wake kando ya utepe. "Mwache mtoto wangu akohoe."

Kikohozi kikabaki. Yale maneno ya mwanzo hayakuwa na nafasi kwenye albamu, kwa hiyo aliyakata, na kipande nikakichukua. Nilikipima kwa utepe wangu wa kupimia nguo: mita sita kasoro kidogo. Nilikizungusha kwenye kigurudumu kitupu cha uzi, nikakitia kwenye droo ya cherehani. Akanionya kwamba baada ya wiki chache kitanata tena na hakitachezeka. Nikamwambia najua, maneno yenyewe nimeshayashika.

Siku tisa sikumsemesha. Chakula nilimpakulia, maji ya kuoga nilimwekea, lakini neno hakupata. Usiniulize kama kuondoka mapema Jumamosi ile kungemponya mtoto. Nimejiuliza mpaka nikachoka, nikimwangalia mume wangu akila peke yake upande wa pili wa meza, na sijapata jibu.

Siku ya kumi, asubuhi, alichemsha maji mwenyewe. Alibeba beseni hadi uani, akaweka kigoda, akaja kusimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea.

"Njoo nikuoshe nywele," akasema.

"Kuna upepo."

"Ndiyo, upo."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nilijikuta nimeketi kwenye kigoda, kitambaa nimekivua, na vidole vyake vinapita kichwani mwangu polepole kama anavyoshika utepe uliochakaa. Alikuwa analia, machozi yakinidondokea shingoni pamoja na maji. Alipomaliza hakunifunika taulo. Tulikaa pale uani mpaka zikakauka. Sijamsamehe yote. Nimeanza kuoka mkate tena, hapo ndipo tulipofika.

Albamu ilizinduliwa Jumapili moja alasiri. Radi alitutumia gari na viti vya mbele kabisa. Nilivaa gauni la kijani, lilelile, nililipanua kidogo kiunoni. Ukumbi ulijaa vijana waliozaliwa baada ya Chiriku kufariki, na wote walikuwa wanazijua nyimbo neno kwa neno. Radi aliziimba kwa mpangilio wa albamu, akipumzisha magoti kwenye kiti kirefu kila baada ya nyimbo mbili tatu. Mume wangu alikaa ubavuni mwangu, masikio wazi.

Wimbo wa kumi na moja ulipofika niliona mkono wake umeng'ang'ania mkono wa kiti. Gita likanyamaza, ngoma zikanyamaza, Radi akainamisha kichwa. Watu maelfu wakakohoa kwa pamoja, mara mbili, halafu wakacheka.

Mimi safari hii sikukohoa. Nilisema neno ambalo mzazi humwambia mtoto wake akikohoa, neno nililochelewa kulisema kwa sababu siku ile nilikuwa nyumbani napinda lesi ya gauni la bibi harusi.

"Pole, mama."

Kisha nikasimama. "Twende nyumbani," nikamwambia baba yake.

Kule juu Radi ndiyo kwanza alikuwa anavuta pumzi ya kiitikio. Mume wangu, ambaye tangu nimjue hajawahi kuondoka kabla wimbo haujaisha, alichukua mkoba wangu, tukatoka.